Usimwonyeshe Metroni

Takaba, shuleni
19 Januari 2025

Aboowe Mahat,

Assalaamu alaykum. Barua hii nimempa habaryar Abshiro, mdogo wake mama, alipokuja kunitazama, naye atampa Alio, dereva wa lori la mbuzi. Ikikufikia ikinuka usinilaumu mimi. Ningeipitisha kwa metroni, lakini metroni husoma barua zetu zote, za kuingia na za kutoka, na hili sitaki alisome. Simu shuleni ni marufuku, na habaryar anasema hata yake imebaki kuwa tochi tangu mlingoti wa mtandao uharibike.

Ni uso wangu. Disemba hukuja nyumbani, kwa hiyo hukuuona. Chunusi zimejaa kuanzia paji la uso hadi chini ya taya, kubwa, zenye usaha, na nikilalia upande mmoja naamka kwa maumivu. Hooyo mzazi wetu alinipaka qasil, ule unga wa majani ambao wanawake wetu husugulia uso, kila asubuhi mwezi mzima. Zikazidi. Sasa hooyo amerudi kwa ngamia na anasema zitaondoka nikiolewa.

Bwenini kuna Fatumo wa kidato cha nne. Ananiita Barabara ya Wajir, kwa ajili ya matuta na mashimo. Nikiingia anakaa kitandani, anashika usukani wa hewani, anarukaruka na kupiga kelele, "Shikilieni abiria, tumefika shavuni!" Wote wanacheka. Mimi pia nacheka, wasijue. Nilianza kuvaa niqab darasani, lakini mwalimu wa kemia amenikataza kuivaa maabarani kwa sababu ya moto. Siku za maabara nasema naumwa tumbo.

Wiki jana walikuja madaktari wa kutembelea shule, siku moja tu. Mmoja alinitazama hata kabla sijamwomba. Alisema huu si uchafu wala si jicho la mtu, unahitaji dawa ya kumeza ya kuua vijidudu, kwa wiki nane au zaidi. Ameandika jina la dawa kwenye karatasi niliyokuwekea humu. Hapa zahanati imewaishia. Garissa, alisema, ipo kila kemisti.

Nakuomba wewe kwa sababu ulikuwa nazo. Nilipokuwa mdogo nilikuwa nahesabu mashimo ya shavu lako ukiwa umelala. Nikikosa dawa hii, aboowe, nitaomba nirudi nyumbani nikachunge. Nimeshafikiri. Sisemi kwa hasira.

Dada yako,
Hani


Garissa, soko la mifugo
2 Februari 2025

Abaayo Hani,

Wa alaykum salaam. Alio alinipa barua yako nikiwa juu ya lori lake nimeshika beberu kwa pembe. Niliiweka kifuani mpaka jioni, nikaoga ndipo nikaisoma.

Mimi nikucheke? Darasa la tano mimi nilikuwa naitwa Ukwaju. Wanaume wa hapa sokoni wanadhani mashimo yangu ni ya tetekuwanga na sijawahi kuwasahihisha. Ugonjwa unaheshimiwa. Chunusi zinachekwa.

Habari ya kurudi kuchunga usiitaje tena. Mimi niliishia darasa la sita na unaona mahali nilipo. Kila ngamia tunayemfunga magoti, watu kumi tukamvuta kwa kamba mpaka apande lori, namfunga kwa ajili ya shule yako. Leo mmoja ameniuma begani. Nimemsamehe kwa sababu yako.

Dawa nimepata. Nimekwenda kemisti kubwa ya mjini, dada wa pale akaisoma karatasi yako, akanipa. Zimo kwenye bahasha yake. Usishangae kuona ni vipande. Tembe zenyewe ni kubwa, hukatwa, na msichana mwembamba humeza kipande. Hazina maandishi, ndivyo zilivyo. Ni chungu, meza haraka. Kimoja asubuhi, kimoja jioni. Meza na maziwa ili zisikuchome tumbo. Mwambie habaryar akuletee ya ngamia.

Jambo moja, Hani. Usimwonyeshe metroni. Wenzako nao wasizione. Dawa hizi zina watu wanaozijua kwa ubaya, na neno likishatoka mdomoni mwa watu utalikimbiza mpaka uchoke. Zifiche. Akikuuliza mtu unameza nini, humezi kitu. Na usikose hata siku moja.

Nduguyo,
Mahat


Takaba, shuleni
23 Februari 2025

Aboowe,

Uchungu wake! Ulisema ni chungu, hukusema ni hivi. Kipande kikigusa ulimi tu, macho yanatoka machozi. Halafu zina harufu fulani ninayoijua lakini siikumbuki ni ya wapi. Maziwa ndiyo yanayonisaidia. Habaryar huleta kibuyu siku tatu kwa wiki, namaliza kikombe kizima kwa kila kipande, na Nasteha anayelala kitanda cha juu ameanza kuniita Mtoto wa Ngamia. Hilo silichukii.

Zinakaa ndani ya soksi. Wiki iliyopita metroni alifanya msako wa simu, akageuza magodoro yote. Nikaibana bahasha kwapani, nikasimama kama askari. Aliniuliza, "Hani, mkono umevunjika?" Nikasema nina jipu. Akasema pole. Ni mtu mzuri, aboowe, najisikia vibaya kumdanganya, lakini ulisema.

Sasa nikuambie ukweli wenyewe. Karibu wiki tatu zimepita na uso uko vile vile. Labda kidevu kimezidi. Mwalimu wa Kiswahili alitaka niongoze upande wa shule kwenye mdahalo wa Aprili, nikasema sauti imekauka. Akanijibu, "Sauti iliyokauka mbona inabishana nami?" Nimekataa hata hivyo. Ukumbi mzima unitazame dakika kumi?

Naomba umuulize yule dada wa kemisti kama hizi ndizo. Labda amekosea.

Hani


Garissa
1 Machi 2025

Abaayo,

Nimemuuliza. Hajakosea. Amesema mwili wako ni mgumu, uongeze. Viwili asubuhi na viwili jioni. Ramadhani ikiingia, meza baada ya futari na tena wakati wa daku, funga yako haitaharibika. Nakutumia bahasha nyingine.

Usiwe na haraka. Hata mnyama akitibiwa hainuki siku hiyo hiyo.

Kuhusu mdahalo, usikatae. Sema bado unafikiri. Waambie mpaka Aprili utakuwa na sauti.

Nakutumia pia tende. Mpe na Nasteha, anyamaze kuhusu ngamia.

Sisi kazi imekuwa nzito, kila mtu anataka nyama ya mwezi mtukufu. Mgongo wangu ni mzima. Hapana, unauma.

Mahat


Takaba
13 Machi 2025

Aboowe! Aboowe! Zinakauka!

Kidevu kimelala. Paji la uso naweza kulisugua. Naandika upesi, habaryar anasubiri langoni.

Maziwa yamekatika tangu siku ya pili ya mfungo, ngamia wamepelekwa mbali kutafuta majani. Kwa hiyo wakati wa daku nameza viwili na funda la maji, kisha najilaza kidogo kabla ya adhana. Kooni kuna kitu kama mwiba, nikimeza mate nahisi. Nimetapika mara mbili. Na jua limekuwa kali siku hizi, mikono yangu ni kama imemwagiwa chai. Sijali. Jana nilivua niqab! Nilisimama paredi saa sita mchana uso wazi, jua likanipiga mpaka likachoma, na Fatumo aliponitazama nikamtazama pia.

Mdahalo nimekubali.

Mwambie dada wa kemisti asante.

Hani


Garissa
24 Machi 2025

Kwa metroni atakayefungua barua hii kwanza, na kwa dada yangu Hani.

Metroni, mimi ni Mahat, kaka yake Hani wa kidato cha tatu. Tafadhali soma hapa kabla ya kufanya jambo lingine lolote. Ndani ya soksi ya Hani, au popote alipo sasa, kuna bahasha ya dawa. Ichukue umpelekee daktari. Si dawa ya watu. Ni tembe za ndama. Nilizinunua duka la dawa za mifugo, nikazikata kwa kisu. Jina lake nimelinakili kutoka kwenye kopo, herufi kwa herufi, liko nyuma ya karatasi hii. Hani hajui. Asimeze tena hata kipande kimoja. Nimemwambia Alio aikabidhi barua hii shuleni, isipitie kwa habaryar, ili uifungue wewe na usichelewe. Yanayofuata ni ya Hani, lakini najua utayasoma. Soma.

Hani,

Jana Alio aliposhusha mbuzi aliniambia umelazwa siku ya tano sasa. Ngozi ya uso na mikono imebabuka, hata uji haupiti kooni, na wanakutibu malaria. Akasema, "Daktari anamuuliza amemeza nini, naye anasema hajameza kitu." Nilikuwa nimeshika mbuzi, nikamwachia akakimbia. Nilijua unanifichia siri yangu, na kwamba hata hapo kitandani huenda bado unameza, kwa sababu nilikwambia usikose hata siku moja.

Kemisti nilikwenda kweli. Hilo si uongo. Nilisimama kwenye foleni na karatasi yako mkononi. Mbele yangu alikuwa kijana mmoja, akataja dawa yake polepole, na yule dada akamjibu kwa sauti ya mtu anayeuza vitunguu, "Doksi? Na mwenzako umemleta? Bila yeye utaambukizwa tena." Watu wakageuza macho. Kijana akawa mdogo kama mtoto. Nikatazama karatasi yako. Jina ni lile lile.

Unaona, hapa kwetu sokoni dawa hiyo inajulikana kwa jambo moja tu, kisonono, ugonjwa wa wanaume wanaolala pasipo pao. Wapakiaji hawaijui kwa chunusi. Nyuma yangu kulikuwa na watu wa ukoo wetu wawili. Na yule dada ananijua. Nilishafika kwake mwaka juzi, kwa jambo langu mwenyewe, na sitaandika zaidi ya hapo. Niliona nikitoa karatasi atasema, "Wewe tena?" Nikatoka. Nikarudi siku ya pili, nikatoka tena. Siku ya tatu nilifika dirishani nikaomba dawa ya kichwa, tembe mbili. Nilitaka bahasha yake tu. Maandishi ya kwenye bahasha ni yangu, nilijaribu kuandika vibaya kama daktari.

Kisha nikaenda kwa Abdilatif, anayeuza dawa za mifugo. Pale sioni haya, pale kila mtu anaingia na kwato za matope. Nilimuuliza kama kwa mzaha, hii doksi ya watu na hii ya ndama zinajuana? Akasema, "Zikose vipi kujuana! Ni ukoo mmoja hizo." Hakujua nauliza kwa ajili ya nani, usimlaumu. Mimi nikasema moyoni, basi kama ni ukoo mmoja, damu ni moja. Ndivyo nilivyofikiri. Sisi tukitaka kumjua mtu tunamuuliza ukoo, na akishautaja tunamkaribisha ndani. Nikaikaribisha dawa ndani kwa namna hiyo. Nilikata tembe kwa kisu cha kukatia kamba, nikasugua alama zake kwenye jiwe mpaka zikafutika. Harufu unayoijua ni ya zizi la baba.

Uliponiuliza kama dada wa kemisti amekosea, nilikuwa na nafasi ya kusema. Nilikaa na barua yako siku nne. Kisha nikakuandikia uongeze, na maneno hayo nikayatia mdomoni mwake. Hakuna aliyeniambia neno. Nilikisia, kwa kufuata uzito wa ndama.

Alio aliniambia, "Panda, nafasi ipo, kesho kutwa uko kwake." Nikasema bosi hajanipa ruhusa. Sikumuuliza bosi. Niliogopa kuuona uso wako. Hata mtandao ungekuwepo, haya nisingeyasema kwa mdomo.

Namsihi Mungu barua ifike mapema. Usinifichie tena kitu chochote, abaayo. Mwambie daktari kila kitu, nitaje kwa jina.

Mahat


Takaba, ofisi ya bweni
27 Machi 2025

Bw. Mahat,

Barua yako niliipokea jana asubuhi. Kwenye soksi nilikuta vipande tisa. Vingine sita alikuwa navyo hospitalini, amevifunga kwenye pindo la mtandio. Kimoja alikimeza usiku wa kuamkia jana. Daktari amevichukua vyote na amebadilisha matibabu. Leo amekunywa maji bila kulia.

Nimekuwa metroni miaka kumi na minne. Nimefungua barua za wachumba na barua za waongo, na hii ni ya kwanza kuniomba niisome. Kwa hilo nakushukuru. Kwa mengine siwezi.

Ungeniandikia Januari ningekwenda kuitafuta dawa ile mimi mwenyewe. Mimi ni mwanamke mzee na hakuna kemisti inayonitisha.

Ruweyda
Metroni


Takaba, kwa habaryar
8 Aprili 2025

Mahat,

Shule imefungwa. Idi nimeisherehekea kitandani. Ngozi ya zamani imetoka vipande vipande na ya chini yake ni ya rangi ya waridi, kama kiganja. Chunusi nyingine zimerudi juu yake. Mdahalo ulifanyika, aliongoza Nasteha, wakashindwa.

Daktari ameniambia mambo matatu. La kwanza, maziwa ya habaryar ndiyo yaliyonilinda. Dawa ile ikikutana na maziwa tumboni hukamatwa humo humo, isipite mwilini yote. Ndiyo maana haikuniponya wala haikuniumiza. Maziwa yalipokatika ikapita, na wewe ulikuwa umeniongezea maradufu. La pili, inaifanya ngozi ichomeke na jua, hata ile ya watu. Mimi nikavua niqab saa sita mchana nikasimama paredi kwa furaha. La tatu, nilikuwa namezea funda la maji kisha nalala, kwa hiyo kipande kilikwama njiani kikatoboa kidonda. Mwiba niliokuandikia ndio huo.

Alipokuwa haelewi ninaumwa nini, aliniuliza kama nyumbani kuna mtu anayeshika dawa za mifugo. Aliona ngozi, nadhani alianza kuhisi. Nikasema hapana. Akauliza kaka yako anafanya kazi gani. Nikasema yuko ofisi ya mifugo, anaandika vibali. Hivyo ndivyo nimewaambia wasichana wote tangu kidato cha kwanza. Siku mbili baadaye metroni akaweka barua yako mezani. Daktari akaisoma yote, akanitazama, akasema, "Katika nyumba yenu hakuna hata mmoja anayesema kweli kwa daktari?" Nilijifunika shuka.

Jambo lako la mwaka juzi sikuulizi, na sitakuuliza.

Kinachoniuma ni hiki. Wewe uliogopa macho ya watu wa foleni moja. Mimi nilikuwa na macho ya shule nzima, kila siku, na nilikuandikia wewe kati ya watu wote kwa sababu nilidhani kuna mtu mmoja kwetu asiyeogopa kuonekana.

Koo limepona. Daktari ameandika tena dawa ya yule daktari wa kwanza aliyekuja shuleni, ile ya watu, kidogo, pamoja na mafuta ya kupaka. Nianze shule ikifunguliwa, mbele ya metroni, na nisikae juani. Hapa bado haijafika. Karatasi iko humu. Habaryar anasema nikutumie wewe kwa sababu Garissa hatuna mwingine. Mimi sijui kama nitaimeza. Ukiinunua, lete boksi lake ambalo halijafunguliwa.

Hani


Garissa
19 Aprili 2025

Hani,

Nimekwenda leo saa nne asubuhi, wakati wa watu wengi. Nilitaka wawe wengi.

Foleni ilikuwa na watu saba. Nyuma yangu alisimama mke wa mwalimu wa madrasa. Nilipofika dirishani nilimpa yule dada karatasi. Akasema, "Doksi," kwa sauti ile ile ya vitunguu.

Nikasema, "Ni ya dada yangu. Ana chunusi."

"Sijauliza ni ya nani, kaka. Nauliza ana uzito gani."

Sikujua. Najua uzito wa kila mnyama nikimwangalia tu, wako sikuujua. Nikamwambia ni kama mbuzi wawili wakubwa wa Takaba. Alicheka mpaka akaweka kalamu chini. Akaniambia umeze ukiwa umesimama au umekaa, na glasi nzima ya maji, usilale mpaka nusu saa ipite, maziwa uyaweke mbali na saa ya dawa, jua ulikimbie. Yote akayaandika. Kisha akauliza, "Umewahi kufika kwetu?" Nikasema ndiyo, mwaka juzi na tena mwaka huu. Akanitazama usoni, akasema, "Samahani, sikukumbuki. Watu ni wengi."

Hanikumbuki, Hani. Miaka miwili, ukiondoa zile siku tatu, nimekuwa nikizunguka mtaa wa nyuma nisipite mlangoni pake.

Niligeuka nione nani ananitazama. Mke wa mwalimu alikuwa anamfunga mtoto kiatu. Wale wengine walikuwa wanatazama simu zao.

Nilidhani nikitoka pale nitakuwa mwepesi. Sikuwa. Nilikaa kwenye magunia nje ya duka la jirani mpaka mwenyewe akaniuliza kama naumwa. Niliingia kule nikidhani aibu ninayoikimbia ni kubwa kama nyumba, nikakuta ni dakika tano za kusimama. Hizo ndizo nilizobadilisha na koo lako na ngozi yako. Kama wangenicheka, kama wangenitemea mate, ningekuwa na kitu cha kukuambia. Sina.

Boksi hili hapa. Halijafunguliwa. Nimelikabidhi kwa Alio mbele ya watu, nikataja ni nini na ni ya nani. Amesema, "Hata mke wangu anataka hiyo ya uso."

Ukiimeza, niambie. Usipoimeza, niambie pia. Kama ni hasira, niandikie hasira.

Mahat


Takaba, shuleni
4 Mei 2025

Aboowe,

Barua hii imepitia kwa metroni. Anakusalimia, au amesema, "Mwandikie nimeona boksi," ambayo kwake ni salamu.

Habari zimetoka, sijui kwa mdomo wa nani. Fatumo sasa ananiita Ndama. Siku ya kwanza alinipokea mlangoni kwa kulia mbee, mbee. Nikamjibu kwa sauti ya ngamia jike anayekataa kukamuliwa, ile anayoiigiza hooyo, na bweni likaanguka kwa kicheko, Fatumo naye. Nilikuwa bila niqab. Kisha nikaenda kujiosha, nikalia kidogo. Nakuambia vyote viwili.

Nimewaambia pia unapakia ngamia. Wengi walikuwa wanajua. Lori la Alio linasimama mbele ya duka la baba yake Nasteha.

Sasa dawa. Metroni ndiye anayeshika boksi. Kila asubuhi baada ya chai ananiita ofisini, anatoa kidonge, ananipa glasi. Kidonge ni kidogo, kina rangi mbili, jina lake limeandikwa na tarehe yake imeandikwa. Siku ya kwanza nilikishika kiganjani mpaka kikaanza kunata. Metroni akasema, "Mtoto, maji yanapoa," na maji yalikuwa ya baridi tangu mwanzo. Kengele ya somo la kwanza ikalia. Sikuweza. Alikirudisha, hakunikaripia.

Siku ya pili vile vile.

Vile vipande vyako, aboowe, vichungu, visivyo na jina, vya kukatwa kwa kisu, sikuwahi kuviogopa hata siku moja. Nilikuwa navimeza gizani nikiwa nusu usingizini. Hiki cha watu, kilichoandikwa kila kitu, nilikisoma jina mara tatu nikamrudishia metroni. Sikuandikii hili ili uumie. Uliniomba nisikufichie.

Siku ya tatu nilisimama, nikashika meza, nikameza na glasi nzima. Metroni alitazama saa yake mpaka nusu saa ikaisha, ndipo akaniruhusu niende darasani. Leo ni siku ya sita. Bado naogopa kila asubuhi, na kila asubuhi nameza.

Hani